Nyumba Yangu Iliandikwa Haina Mtu

Nianze na upumbavu wenyewe, halafu mcheke mnavyotaka: niliifunga nyumba yangu kwa kufuli la nje, nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa uani na kujificha humo humo ndani, mtu mzima mwenye ndevu, ili watu wa kuhesabu wakija wadhani sipo. Na kweli walidhani sipo. Wakaandika sipo. Mimi Abudu, ambaye katika bairro letu, yaani mtaa wetu, zima hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, hakuna anayenishinda kwa kukaa nyumbani! Wenzangu huenda pwani, huenda sokoni, huvuka Rovuma wakafika mpaka Mtwara. Mimi safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi uani, na nikifika napumzika.

Kazi yangu ni kushona kofia za mkono, kazi ya kukaa, Mungu alinijua alipokuwa ananigawia. Mwenye duka huja kuzichukua mwenyewe, tena hupitia uani. Samaki hunijia juu ya ua kutoka kwa Bi Atija, jirani yangu wa nyuma, mwanamke aliyenijua tangu natambaa na ambaye hadi leo huniambia nioge. Hata Ijumaa natokea uani, maana msikiti wetu mdogo uko upande huo (chefe na watu wa barabarani husali ule mkubwa). Kwa hiyo mlango wa mbele, ule unaotazama barabara, ulikuwa kama picha ya ukutani, upo wa kutazamwa tu.

Sasa, siku moja chefe Momade, mkuu wa bairro letu, akapita na kipaza sauti chake (kile kinachokoroma kuliko kusema) akitangaza kwamba kesho watu wa kuhesabu watapita nyumba kwa nyumba, kila mtu abaki kwake. "Msiondoke!" anapiga kelele. "Kaeni nyumbani! Wanataka kujua kila kaya ina watu wangapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi! Na kaya si ukuta, jamani, kaya ni chungu! Wanaokula chungu kimoja ndio kaya moja!"

Hebu fikirieni. Serikali imekaa, imetafakari, imetoa amri ambayo mimi nilizaliwa kuitii: kaa nyumbani. Na siku hiyo ndiyo niliyochagua kutokuwepo.

Sababu nitaisema, ingawa nayo ni aibu. Nilikuwa naogopa swali moja. Mko wangapi?

Mtaa wetu siku hizi umejaa watu. Tangu wengi warudi baada ya vita, na wengine wapya waje, kila nyumba imefura. Mbele yangu, ng'ambo ya barabara, kaja Mama Rosalina na ukoo wake, Wamakonde wa kule juu uwandani, wamebanana watu kumi na wanne na asubuhi wakifagia utadhani shule. Pembeni kuna vijana wanne wa serikali kutoka kusini, nyumba moja na majiko manne, kila mmoja na sufuria yake na chumvi yake (hao kwa hesabu ya chefe ni kaya nne chini ya bati moja). Na nyumba yangu mimi, nyumba ya mama yangu, yenye vyumba vitano, zamani tulikuwa watu kumi na mmoja, ukitaka kuoga unapanga foleni. Tulipokimbia, kila mmoja akashika njia yake. Mama akafia Pemba, ule mji wa huku kwetu Msumbiji, si kile kisiwa. Dada zangu wakatulia Nampula na waume zao. Mke wangu akasema yeye harudi tena huku, na mimi sikuweza kukaa mahali pengine, tukaachana bila ugomvi. Nikarudi peke yangu. Vyumba vitano, mkeka mmoja.

Basi nilipowaza nimesimama mlangoni, mtaa mzima umetega sikio, binti wa watu ananiuliza mko wangapi na mimi najibu "mmoja," yeye anasema "na wengine?" na mimi nasema "ndio huyo huyo," nikaona bora kufuli.

Siku yenyewe nilikaa gizani nyuma ya mlango, sindano mkononi, napumua kidogo kidogo. Wakaja. "Hodi! Hodi wenyewe!" Kimya. Kufuli likatikiswa. Halafu nikasikia sauti ya binti ikiuliza ng'ambo, "Samahani mama, humu anaishi nani?"

Na Mama Rosalina, mwanamke asiyejua kusema uongo hata wa kumbembeleza mtoto, akajibu, "Sijui, mwanangu. Tangu tuhamie sijaona mtu akitoka humo."

Jamani! Nilitaka kupiga kelele, "Ndiyo, kwa sababu nipo!" Lakini aliyejificha hana haki ya kubisha. Na mtu mmoja ambaye angenitetea, Bi Atija, alikuwa ameondoka siku mbili nyuma kwenda kijiji kidogo cha Nhica, mpwa wake amejifungua. Nikasikia chaki ikikwaruza mlango wangu. Jioni nilichungulia nikaona wameandika kwa herufi kubwa VAZIA, yaani tupu, haina mtu. Mnajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nikajipongeza kwa chai ya tangawizi. Na kwa kuwa chefe alitangaza kwamba watarudia nyumba zilizorukwa, kufuli nikaliacha pale pale, siku zikapita, naishi kwa mlango wa uani kama kawaida, sioni tofauti yoyote. Wala hakukuwa na tofauti, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua.

Ikafika siku ya siku. Saa za mchana, nimeteleka wali wa nazi, tena ndani, chumba cha nyuma, kwa hofu kwamba nikipikia uani moshi utanichongea. Nimevaa msuli na fulana yenye tundu. Mara nasikia sauti ya chefe mlangoni, safari hii bila kipaza, inatisha zaidi.

"Ni hii, professor. Mwenyewe tangu watu wakimbie hajarudi. Wewe na familia yako kaeni. Akirudi tutazungumza naye, lakini naona huyo keshakuwa mtu wa Nampula."

Na sauti ya mwanamume mgeni, huyo professor, yaani mwalimu wa shule, Kiswahili cha kujifunza ukubwani: "Obrigado, chefe, asante. Tuna watoto watatu. Wiki mbili tumelala katika darasa la shule."

"Wewe fundi," chefe akasema, "gonga hilo kufuli."

Nyumba ya mama yangu! Nyumba ambayo nilirudi peke yangu kwa ajili yake tu, nikaikuta haina hata mlango, nikaubandika kwa mikono yangu, sasa anapewa mtu mwingine mbele yangu, na mimi nimo ndani nakoroga wali.

Mtu mwenye akili angefungua dirisha na kusema, "Nipo." Basi. Neno moja. Lakini mimi nikawaza: nikisema nipo, wataniuliza kufuli la nje nimelifungaje. Kwa hiyo nikaamua (na hapa ndipo kosa dogo lilipozaa makubwa) nitoke kwa uani, nizunguke, nitokee barabarani kama mtu anayerudi safari. Msafiri lazima awe na begi. Nikalivuta begi chini ya kitanda, tupu, nikalitia kitu cha kwanza nilichokiona ili lionekane limejaa, nikaruka ua wa nyuma kwa umri huu na msuli huu (msuli ukabaki kidogo kwenye mti, tukagombana, nikashinda), nikapita nyuma ya nyumba ya vijana wa serikali, nikajitokeza barabarani nikitembea kwa uchovu wa mtu aliyetoka mbali.

"Asalaam aleikum! Kuna nini nyumbani kwangu?"

Mtaa mzima ulikuwa pale. Fundi akashusha nyundo. Chefe Momade akanikodolea macho.

"Abudu? Wewe uko hai? Umetoka wapi?"

Ningeweza kusema Pemba, ningeweza kusema Mueda, dunia ni pana, Mwenyezi Mungu aliumba miji mingi. Mimi nikasema, "Nhica."

"Nhica?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Nilivyogeuka, pikipiki ndiyo kwanza inazimwa, na anayeteremka, kanga kichwani na kuku mkononi, ni Bi Atija. "Nhica ipi hiyo, Abudu? Mimi ndio natoka Nhica, nimekaa huko mpaka nimemtia mtoto jina, sijakuona."

"Nilikuwa upande wa pili, Bi."

"Nhica ina upande wa pili?"

Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mke wa professor, Dona Celeste, mwanamke mpole wa Quelimane, kwa adabu zake akanisogelea akanipokea begi. "Pole na safari, papá," akasema. Kisha akalinyanyua begi juu, akalishusha, akalinyanyua tena, akanitazama. Lilikuwa jepesi kama pamba. (Nitawaambia kwa nini.)

Chefe akanigeukia. "Haya, kama ni mwenyewe, umerudi, alhamdulilahi, fungua mlango wako. Ufunguo uko wapi?"

Nikapeleka mkono kiunoni. Msuli hauna mfuko. Ufunguo nilikuwa nimeutundika msumarini, kando ya kitanda.

"Umo ndani," nikasema.

Hata kuku wa Bi Atija aligeuza shingo kunitazama.

"Ufunguo umo ndani," chefe akasema pole pole, kama anayemfundisha mtoto, "na kufuli liko nje."

"Ndiyo, chefe."

"Na ulikuwa Nhica."

Hapo hapo mtu akapiga kelele, "Moshi! Moshi unatoka kwenye bati! Nyumba inaungua!" Wali wangu! Nami bado nimesimama na uso wa msafiri. Fundi akapiga nyundo mara moja, kufuli likaruka, watu wakamiminika ndani na ndoo za maji, na Mama Rosalina akitangulia na mchi wa kutwangia, kwa sababu sasa mtaa ulikuwa umekwishaamua wenyewe kwamba kuna mwizi ndani ya nyumba ya Abudu, tena mwizi anayepika.

Nikasikia wanapita chumba hadi chumba. "Redio inaimba chini chini!" "Chai hii hapa, bado ya moto!" "Kofia hii sindano imo, haijaisha!" Halafu Mama Rosalina akatoka, mchi kwapani, sufuria yangu mikononi kaishika kwa pindo la kitenge, akaiweka chini katikati ya watu.

"Hakuna mtu," akatangaza. "Kuna wali wa nazi. Chini umekuwa mkaa, juu unaliwa. Na huyu mwizi ni wa ajabu. Ameacha redio, ameacha kitanda, ameiba mto."

Dona Celeste alikuwa bado na begi. Zipu yake mbovu, ilikuwa imeachia yenyewe, na katika lile tundu, mbele ya bairro zima, ulikuwa unachungulia mto wangu, na foronya yake ya maua ya waridi.

Hapo nikakiri. Ningefanyaje? Nikakiri kila kitu kwa mfululizo, kufuli, uani, chaki, chai ya tangawizi, wala hakuna aliyeniuliza, maneno yalikuja kama matapishi. Watu walicheka, nisiwafiche. Kijana mmoja wa serikali alikaa chini mchangani kabisa. Fundi akaegemea nyundo yake akilia machozi. Lakini chefe Momade hakucheka.

"Cheko ni lenu," akasema. "Mimi nimeshapeleka habari wilayani kwamba nyumba hii haina mtu. Professor keshapewa. Jirani yako mwenyewe kasema hajawahi kukuona. Leo niende nikawaambie nini? Kwamba alikuwepo ila amejifungia? Abudu, kwa ninavyojua mimi hivi sasa, humu hukai."

Kicheko kikafa. Nikamtazama professor, naye akatazama chini, watoto wake watatu wamekaa juu ya godoro lililoviringishwa, na wala sikuweza kumchukia. Nikautazama mlango wangu wenye VAZIA. Nikaona kweli inawezekana: mtu akaipoteza nyumba aliyoirudia peke yake, kwa sababu tu aliona haya kusema yuko peke yake.

Aliyeniokoa ni Bi Atija. Alimpa mtu kuku wake amshikie (jambo ambalo hafanyi ovyo) akasema, "Yule binti wa kuhesabu yuko mtaa wa chini, nimempita sasa hivi. Wewe wa pikipiki, kamlete."

Akaletwa, binti wa Pemba anayeitwa Nurdina, tableti kifuani, kofia ya jua kichwani. Akaelezwa. Alijitahidi uso usicheke, midomo ikamsaliti. Kisha akawa mtu wa kazi. "Sisi hatuulizi nani ana mlango wala nani ana kufuli," akasema. "Tunauliza nani amelala humu, na nani anakula chungu cha humu. Nani amelala humu usiku wa kuamkia leo?"

"Mimi," nikasema.

"Kuna shahidi?"

Shahidi gani? Ninaishi kama popo.

"Shahidi si huyo hapo," akasema Bi Atija, akionyesha kwa kidevu sufuria iliyokuwa bado inafuka mchangani. "Chefe, si wewe uliyepita na kipaza chako ukisema kaya ni chungu? Chungu hicho. Kiguse kama kimepoa."

Nurdina akainama akagusa sufuria, akarudisha kidole haraka akakipuliza. "Kaya ipo," akasema. Mama Rosalina akanyoosha mkono. "Na mimi nabadilisha niliyosema. Sijamwona mtu, ni kweli, lakini kila alfajiri nasikia mtu humo anakohoa na kugombana na redio. Nilidhani ni jini, nikaona si vizuri kumwandikisha jini."

Hata chefe hapo akashindwa, akafunika uso kwa kiganja, mabega yakatikisika. Nilipoona mabega yale nikajua nyumba imerudi.

"Basi twende," akasema Nurdina, kidole juu ya tableti. "Mko wangapi?"

Swali lenyewe. Na si kwa majirani wawili watatu kama ningefungua mlango siku ile, bali mbele ya mtaa mzima, wageni kutoka Quelimane, fundi, mwenye pikipiki na kuku.

"Mmoja," nikasema.

Nikasubiri wacheke. Walikuwa wamecheka kila kitu, mto, wali, Nhica na upande wake wa pili. Hawakucheka. Hakuna hata aliyekohoa. Binti akaandika, akaniuliza umri, akaendelea, kana kwamba mmoja ni hesabu kama hesabu nyingine.

"Ndilo ulilokuwa unalikimbia hilo?" Bi Atija akaniuliza kwa sauti ya chini. "Tunaokujua sote tunajua uko peke yako, Abudu. Ulidhani tunadhani umemficha nani humo?"

"Sisi kwetu ni kumi na wanne," akasema Mama Rosalina. "Ungesema mapema, ningekupa wawili. Ungechagua mwenyewe, ila wakorofi tu."

Professor naye hakulala darasani tena. Jioni ile ile chefe alimpigia simu mwenye nyumba ya kona, ambaye kweli yuko Nampula na kweli mlango wake haujafunguliwa tangu tukimbie, akakubali kwa furaha apate wa kumfagilia. Wakati wanasubiri jibu walikaa kwangu, kwenye mkeka wangu mmoja, tukala ule wali wa juu, na kuku wa Bi Atija akaponea chupuchupu kwa sababu mtu alileta samaki. Watoto wale watatu walikimbia vyumba vyote vitano wakifungua na kufunga milango. Sikuwakataza. Nilikuwa nimesahau kwamba milango ile ina sauti.

Tangu siku hiyo kufuli sina. Fundi alilivunja na mimi sikununua lingine, wala sitanunua, na mlango wa mbele huwa wazi tangu asubuhi, nashonea kofia zangu hapo hapo mlangoni, wapita njia wananiona na kunitania, mwingine ananiuliza habari za Nhica. Chaki niliifuta, ingawa ukitazama kwa ubavu herufi Z bado ipo. Nimeapa: akija mtu wa kuhesabu, hata kama anahesabu mbuzi, mimi nitakuwa wa kwanza barabarani.

Na Bi Atija kajipa kazi mpya. Kila asubuhi akienda kuteka maji hupaza sauti juu ya ua, "Mko wangapi humo?" nami hujibu, "Mmoja!" naye huenda zake. Juzi nilikuwa na usingizi mzito, akaita mara tatu sijajibu, na nilipotoka mwishowe nikipikicha macho nilimkuta kauweka mguu mmoja juu ya ua wangu, ndoo kaitupa kule, anahema. Akanitazama juu mpaka chini, akaushusha mguu wake, akasema:

"Abudu, siku ukitaka kufa, fungua mlango kwanza, maana mimi na magoti yangu haya ua wako siruki."